Kimana Chini ya Kilimanjaro: Mwili Nao Una Haki Yake



Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu aliyeitandaza ardhi na akaikita kwa milima, akateremsha mvua ikaihuisha nchi iliyokauka. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twawachukua mbali na bahari hadi Kimana, mji mdogo wa Kaunti ya Kajiado ulio chini ya mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya. Tulikwenda huko katika likizo ya Agosti, sisi na jamaa kadhaa wa mtaa wetu: wazee na wake zao, wajukuu na watoto wa madrasa, watu thelathini na ushei katika basi moja. Hatukwenda kwa anasa. Tulikwenda kwa sababu ambayo kila nyumba inayosoma kurasa hizi yaijua.

Katika darsa zetu za kina mama, maswali ya dini yamekuwa yakifuatwa na maswali ya afya. Huyu ana presha, yule ana sukari, mwengine magoti hayamchukui, mwengine usingizi haumjii na moyo una dhiki asiyoijua chanzo chake. Daktari akiulizwa, pamoja na dawa alizoandika, husema neno moja: "Mama, tembea." Naye mama akirudi nyumbani hujiuliza atembee wapi. Anaishi ghorofa ya tatu. Chini ni barabara ya matatu na bodaboda, pembeni ni jaa la taka, na uchochoro umejaa vijana waliokaa. Basi hupanda ngazi zake, akafunga mlango, na siku ikapita.

Wazee wetu hawakujenga hivi. Nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa na kiwanda chake, uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambamo mwanamke aliliona jua, mwezi na mvua bila ya kuonwa na mpita njia. Nyuma ya miji yetu kulikuwa na mashamba, na msimu wa maembe ulipofika watu walihamia shamba na watoto wao, wakalala huko, wakala huko, wakatembea chini ya miti. Leo kiwanda kimeezekwa bati na shamba limekatwa viwanja. Sitara tumebaki nayo, na twamshukuru Mola kwa hilo, lakini hewa tumeipoteza. Nayo sheria ya sitara haikuja kumnyima mja hewa.

Safari yenyewe

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri. Njia ni ile ile ya Nairobi: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, mpaka Emali, safari ya zaidi ya kilomita 300. Asiyependa basi aweza kupanda gari moshi la Madaraka, lile linalosimama katika vituo vya njiani, akashuka hapo hapo Emali. Kutoka Emali barabara yakata kushoto kuelekea Loitokitok, nayo ni ya lami. Hapo ndipo nchi inapofunguka. Vichaka vyapungua, uwanda watanda, na jicho lililozoea kugonga ukuta hatua kumi mbele laanza kuona mbali. Mama mmoja alisema kwamba hajui mara ya mwisho alipotazama kitu kilicho mbali kuliko nyumba ya jirani. Neno hilo lilitukaa moyoni safari nzima.

Kimana yenyewe, kwa mtazamo wa kwanza, ni mji wa soko: maduka, gereji, magunia ya vitunguu na makreti ya nyanya yakingoja malori. Lakini mtu akitoka nje ya mji kwa mwendo mfupi hukuta mambo mengine. Kuna chemchemi zinazobubujika kutoka chini ya ardhi, mto, na bwawa la majani mabichi katikati ya nchi kavu. Maji hayo ni ya Kilimanjaro. Wengi hudhani kwamba yatoka katika theluji ya kileleni, lakini sehemu yake kubwa ni mvua inayonyesha katika msitu wa mlima, ikazama katika mawe yaliyotokana na moto wa volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikachomoza huku tambarare. Mwenyezi Mungu aitakapo kuifikishia nchi kavu rehema, haimshindi kuipitisha chini ya miamba.

Kando ya maji imeota migunga mirefu yenye magome ya manjano, ambayo Wamasai huiita olerai. Wasafiri wa Kizungu wa zamani waliiita mti wa homa, kwani kila waliyelala chini yake aliamka mgonjwa, wakaushutumu mti. Mti hauna kosa. Wapenda kuota penye maji, na penye maji pana mbu, na mbu ndiye mwenye malaria. Twaueleza mkasa huu kwa faida mbili: msomaji asiushitaki mti, na asiende Kimana bila chandarua.

Na juu ya yote hayo umesimama mlima, urefu wake mita 5,895, ambao Wamasai huuita Ol Doinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Mchana hujifunika mawingu. Mwenye kutaka kuuona sharti aamke mapema, na hapo Muislamu ana bahati, kwani sala imekwisha kumwamsha. Tuliswali alfajiri uwandani, juu ya mikeka, wanaume mbele na wanawake nyuma, baridi ikituuma sisi watu wa pwani. Kibla huko ni kaskazini, hivyo mlima ulikuwa mgongoni mwetu. Tulipotoa salamu na kugeuka, Kibo ilikuwa imeanza kushika rangi ya waridi. Hapakuwa na aliyesema kitu kwa muda. Kisha mtoto mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti, bila ya kufundishwa na mtu.

Wenyeji na mwendo wao

Asubuhi hizo tatu tulitembea. Wanawake walikwenda kundi lao, wakiongozwa na kina mama wa Kimasai wawili ambao wenyeji wetu walitutafutia, na askari wa wanyama akiwa mbele. Kina mama wetu walifundishwa salamu: ukiambiwa "takwenya", hujibu "iko". Kutoka hapo mazungumzo yakafuata ya kawaida ya wanawake popote walipo: watoto wangapi, maji mwateka wapi, nyumba ile nani aliyeijenga. Walistaajabu kusikia kwamba nyumba ya Kimasai hujengwa na mwanamke mwenyewe, kuanzia fito hadi kinyesi cha ng'ombe anachokandikia.

Mwendo wa wenyeji ni funzo. Mwanamke wa Kimasai hutembea kilomita kadhaa kwenda sokoni au mtoni na hahesabu kwamba amefanya zoezi. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, alichapisha uchunguzi wake juu ya Wamasai wa Tanganyika. Jambo lililomshangaza ni kwamba chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, chenye mafuta mengi, na bado kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Yeye alielekea kuamini kwamba siri ilikuwa katika nguvu za miili yao na wingi wa kutembea kwao. Wataalamu wamejadiliana sana tangu hapo, na hatumwambii mtu anywe samli. Tunalosema ni kwamba mwili umeumbwa kwa mwendo, na ukinyimwa mwendo hudai haki yake kwa njia ya maradhi.

Siku ya kwanza baadhi ya kina mama walitembea nusu saa, wakakaa chini ya mgunga. Siku ya tatu walitembea saa nzima na zaidi, na aliyekuwa akilalamika kuhusu magoti ndiye aliyesema turudi kwa njia ndefu. Mama wa makamo ambaye hulala kwa vidonge alituambia, kupitia kwa mumewe, kwamba usiku wa pili alilala kabla ya kumaliza adhkari zake. Hatusemi kwamba amepona, wala asiseme mtu kwamba tumemruhusu aache dawa. Twasema alilala.

Wasemayo matabibu, wa kale na wa leo

Haya si mageni katika elimu yetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoeleza katika kitabu chake cha Qanuni mambo yanayoshika afya ya mwanadamu, alianza na hewa, kisha akataja chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, na hali za nafsi. Hospitali ya Nur al-Din iliyojengwa Damascus mwaka 1154 iliwekewa ua ulio wazi na birika la maji katikati, vyumba vikiuzunguka. Waliojenga vile walijua kwamba mgonjwa hutibiwa pia na anachokiona na anachokisikia.

Wa leo wamekuja kupima yale ambayo wa kale waliyajua kwa uzoefu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Huko Japani, tangu mwaka 1982, serikali imekuwa ikiwahimiza watu waende msituni kutembea polepole na kuvuta hewa, jambo ambalo wao huliita kuoga msitu. Mtu wa pwani atalielewa upesi, kwani sisi nasi tuna kuoga mwaka.

Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Waliokuwa wakitumia angalau dakika 120 kwa wiki katika bustani, misitu na fukwe walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na raha ya moyo kuliko wasiotoka kabisa. Tena haikudhuru wakizitumia dakika hizo kwa mara moja au wakizigawa siku mbalimbali. Uchunguzi wa namna hii hautoshi kuthibitisha kwamba kutoka ndiko kulikoleta afya, kwani huenda mwenye afya ndiye anayetoka zaidi. Lakini saa mbili katika wiki nzima si gharama kubwa ya kujaribu. Shirika la Afya Duniani nalo linamtaka mtu mzima ajishughulishe kwa mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, walau dakika 150 kila wiki.

Kwa watoto jambo lina uzito zaidi. Imethibiti kwamba mtoto anayekaa nje mchana kwa muda mrefu hupungukiwa na hatari ya kupata macho yasiyoona mbali, ugonjwa unaoenea sana duniani kwa watoto wanaoshinda ndani na vitabu na simu. Na jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo ikikosekana mifupa hulegea na miguu ya mtoto huingia matege. Dada zetu wanaojisitiri vizuri, nao hushinda ndani, wako katika hatari ya upungufu huo. Dawa yake si kuvua buibui barabarani. Dawa yake ni kutafuta ua, dari au uwanda wa faragha ambapo jua litaifikia mikono na uso, na mwenye shaka akapimwe hospitalini.

Kutoka ni katika mwendo wa Mtume

Wako wanaodhani kwamba kwenda maporini kutazama miti ni mambo ya watalii. Na tujikumbushe. Bwana Mtume (s.a.w.) alilelewa utotoni katika jangwa la Banu Saad kwa Bibi Halima, kwa kuwa Makureshi waliona hewa ya uwanda ni bora kwa mtoto kuliko hewa ya mji. Abu Daud amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume alikuwa na kawaida ya kutoka kwenda kwenye mikondo ya maji nje ya mji. Na Bibi Aisha huyo huyo ametusimulia kwamba walishindana mbio, yeye na Mtume, katika safari. Mara ya kwanza alishinda yeye, na baadaye alipokuwa amenenepa akashinda Mtume, naye akamtania kwamba hii ni kwa ile.

Tuizingatie hadithi hiyo, enyi waume. Kiumbe bora kuliko wote, mwenye mzigo wa umma mzima, alipata nafasi ya kukimbia na mkewe uwandani, wala hakuona kwamba heshima yake imepungua. Nani katika sisi mwenye shughuli kumshinda? Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe na mke ana haki juu ya mumewe. Basi mume anayemlipia mkewe dawa za presha kila mwezi, naye hajawahi kumtoa hata jioni moja akatembea, amelipa nusu ya deni.

Qurani nayo katika Surat al-Ghashiya yatuita tumtazame ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyokitwa na ardhi ilivyotandazwa. Kutazama kumeamrishwa. Naye aliyefungiwa ndani ya kuta nne mwaka mzima atatazama nini? Watoto wetu wa madrasa waliihifadhi sura hiyo zamani. Kimana waliiona.

Adabu na tahadhari

Anayekusudia safari kama hii, kwanza na asahihishe nia, iwe ni kutunza amana ya mwili na kuzingatia uumbaji. Wanawake wasafiri na maharimu wao, katika kundi la kuaminika. Sala, kwa madhehebu yetu ya Shafii, msafiri wa masafa haya ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya kwa masharti yake, basi waulizeni masheikh wenu kabla ya kuondoka. Na kwa kuwa ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu, asitoe mtu udhuru wa kukosa mahali.

Pili, Kimana si bustani ya mjini. Ndovu hupita, nyati wamo, na viboko hukaa penye maji. Asitoke mtu kutembea bila mwenyeji anayejua njia, wala asitoke magharibi ikishaingia. Ndovu mwenye mtoto haelewi kwamba wewe umekuja kutafuta afya. Chukueni nguo za baridi, dawa zenu za kawaida, viatu vya kufunga, maji ya kutosha na chakula chenu cha halali. Mwenye sukari asitembee na tumbo tupu, na mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari wake kwanza.

Tatu, simu. Tuliafikiana kwamba saa za kutembea simu zikae mkobani. Vijana walinung'unika asubuhi ya kwanza. Asubuhi ya pili walikuwa wakihesabu twiga.

Uwanda unaofungwa

Wapenzi wasomaji, tungeishia hapo tungekuwa tumewaficha nusu ya habari. Uwanda huu hauko wazi kwa kujiendea tu. Uko wazi kwa sababu wako watu waliokubali kutoufunga.

Tazameni Kitengela, upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, karibu na Nairobi. Katika miaka ya 1970 nyumbu walivuka uwanda ule kwa makumi ya maelfu, wakiingia na kutoka katika Mbuga ya Nairobi. Kisha ardhi ikagawanywa, ikauzwa, ikazungushiwa nyua, na mji ukaota. Leo Kitengela ni maghorofa na msongamano wa magari, na nyumbu waliobaki ni wachache mno. Hatuwalaumu waliotafuta pa kuishi. Lakini watoto wanaozaliwa katika maghorofa yale, kama wetu, wataulizwa na daktari watembee, nao watauliza wapi.

Kimana imesimama katika njia panda hiyo. Hifadhi ya Kimana ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ardhi ya Wamasai wenyewe, ikiwa miongoni mwa za mwanzo nchini Kenya kumilikiwa na jamii. Ndovu huipitia wakitoka Amboseli kuelekea vilima vya Chyulu na Tsavo. Baadaye ranchi ya pamoja iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Mwenye hati aweza kuuza, na bei ya ardhi yapanda kila mwaka. Ndipo ukafanywa mpango kwamba wenye vipande vilivyo njiani mwa wanyama walipwe kodi ya kila mwaka ili wasijenge, wasilime wala wasizungushie nyua. Mashamba yaliyo kando yakawekewa nyua za umeme ili ndovu asile jasho la mkulima.

Ugomvi haujakwisha. Mwaka 2020 kulianzishwa shamba la maparachichi la ekari 180 katika eneo hilo la mapito. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliyokuwa imetoa kibali, ikakiondoa, na mwaka 2021 baraza la rufaa la mazingira likaunga mkono uamuzi huo. Wenye shamba walikuwa na hoja yao: ardhi ni yetu, na kilimo chaleta kazi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani mtu ana haki katika mali yake. Lakini sheria yetu ina msingi ajuao kila mwanafunzi wa fiqhi, kwamba haki ya mmoja isiwe madhara kwa wote.

Nasi tuna sunna katika jambo hili. Mtume (s.a.w.) alilinda malisho ya an-Naqi karibu na Madina, yakawa hima, yaani ardhi iliyozuiliwa kwa maslahi ya Waislamu, na akaiharimisha miti ya Madina isikatwe. Wamasai nao, tulipowaeleza habari hiyo, walituonyesha jambo walilo nalo tangu jadi: kila boma hutenga malisho yake yaitwayo olopololi, yasiyoguswa na ng'ombe wakubwa, yakawekwa kwa ndama na wagonjwa hadi wakati wa kiangazi. Umma mbili zilizo mbali zimeifikia hekima moja, kwamba si kila kilicho mkononi hutumiwa leo.

Wala asiseme mtu wa Mombasa kwamba hayo hayamhusu. Maji ya bomba tunayotilia udhu hapa Mombasa, sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, nazo zalishwa na mvua inayozama katika mawe ya vilima vya Chyulu, vilima vile vile tulivyovitazama kutoka Kimana. Tunawiana na watu wale maji. Nchi ile ikichakaa, mfereji wetu nao utajua.

Kwa asiyeweza kufika

Si kila nyumba itaweza nauli ya Kimana, wala hilo si sharti. Saa mbili za wiki zapatikana karibu. Iko Mama Ngina, asubuhi mapema kabla ya umati, ambapo upepo wa bahari hauna kodi. Uko msitu wa Shimba Hills kwa wa Kwale, Arabuko-Sokoke kwa wa Malindi na Kilifi, na ufuo wa Shela kwa wa Lamu. Kina mama watano wakiafikiana siku na saa, na mume mmoja au kijana akiwafuatia kwa mbali, jambo limekwisha. Asiyeweza hata hilo na apande darini baada ya alfajiri, apande mrehani na mlangilangi katika makopo, akae nao robo saa na tasbihi yake kabla nyumba haijaamka.

Na kamati zetu za misikiti twaziomba jambo. Kila kiwanja cha wakfu kinapogeuzwa maduka, kiulizwe kwanza: kina mama wa mtaa huu na watoto wao wamebakishiwa wapi pa kutembea? Mwenye kuweka wakfu bustani yenye kivuli na ukuta wa sitara ametoa sadaka itakayoendelea, inshallah, kila anapopumua ndani yake mgonjwa.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, masikio yetu na macho yetu. Uwaponye wagonjwa wetu, uwape subira wanaowauguza, na utujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi uliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.